Daftari lenye muhuri wa chifu: je, baba yetu alikuwa mhalifu?

"Shikamoo Mwalimu. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake huko kwetu Taita, tulikuta ndani ya sanduku la bati barua ya mwaka 1980 ya kukubaliwa Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea uhandisi. Chini yake palikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 32. Halina somo hata moja. Lina tarehe tu, Jumatatu na Alhamisi, Jumatatu na Alhamisi, kuanzia katikati ya Agosti 1982 hadi katikati ya Desemba 1983, na kando ya kila tarehe sahihi mbili na muhuri wa chifu. Kutoka nyumbani hadi ofisi ya chifu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, tena mlima.

Sisi watoto tulimjua baba kama mwalimu wa hesabu wa shule ya harambee, basi. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba alifika chuo kikuu. Baba mdogo anasema marehemu alihusika na mapinduzi, na familia ilinusurika kwa sababu babu alijuana na chifu. Mama anasema ulikuwa mgomo wa chakula tu, na hataki kuulizwa tena. Nikilitaja daftari anainuka kwenda jikoni.

Mwalimu, daftari hili ni la nini? Baba alikuwa mhalifu? Naweza kupata faili lake, na je, kuna fidia? Au nimwache marehemu apumzike?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Naanza na daftari, kwa kuwa nahisi ndilo linalokunyima usingizi kuliko hayo mengine.

Hilo ni daftari la kuripoti. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa mara tu baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Wanafunzi walirudishwa makwao, na huko wakatakiwa wafike kwa chifu waonekane kwa macho na majina yao yaandikwe. Amri ya namna hiyo ilirudiwa mara kadhaa chuo kilipofungwa katika miaka ya themanini, hata ikawa kama desturi. Usimfikirie chifu wa leo, ambaye vijana wengi wanamjua kwa kugonga muhuri fomu za basari. Chifu wa 1982 alikuwa serikali nzima pale kijijini. Sheria ilimpa uwezo wa kuzuia mikutano, kuwaita watu mbele yake na hata kuwatoa kufanya kazi za lokesheni, na makali hayo hayakupunguzwa mpaka marekebisho ya 1997.

Nimepiga hesabu ya tarehe ulizonitajia. Ni kama wiki 70, mara mbili kwa wiki, yaani safari zinazokaribia 140, kila moja saa moja ya kupanda na saa moja ya kurudi. Kijana aliyekuwa akisomea uhandisi alitembea saa 280 ili mtu mwingine athibitishe kwamba hajaondoka kijijini. Na kwa kuwa daftari lilibaki mikononi mwake badala ya kukaa ofisini kwa chifu, nadhani alikuwa anajiwekea ushahidi. Kama angekuja mtu kusema kwamba alikosa Alhamisi moja, angelifungua daftari.

Sasa hilo neno mhalifu. Kwa karatasi ulizo nazo, jibu langu ni hapana, na sisemi hivyo kukuliwaza. Serikali iliyotikiswa na jaribio la mapinduzi haikumtuma mshukiwa wake nyumbani akatembee milimani na daftari. Aliyeshukiwa kwa dhati alikamatwa, akahojiwa, akafikishwa mahakamani au akawekwa kizuizini. Daftari la baba yako linaonyesha kinyume cha anachosema baba yako mdogo. Kuanzia Agosti 1982 alikuwa nyumbani, akionekana mara mbili kwa wiki, bila kufunguliwa kesi. Hakupitia mahakama yoyote, na kwa hiyo hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Aliadhibiwa bila hukumu. Huo ni msiba wa namna nyingine, na nitaurudia.

Baba yako mdogo hatungi hadithi, ila amechanganya mambo mawili ambayo watu wengi wa rika lake wanayachanganya hadi leo. Mapinduzi yale yalifanywa na askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka. Ukienda Nairobi ukasimama Barabara ya Harry Thuku utaelewa wanafunzi waliingiaje. Redio ya taifa, Sauti ya Kenya, ilikuwa ng'ambo tu ya chuo, na kituo kikuu cha polisi kipo hapo hapo kando. Wanahewa walipoiteka redio alfajiri ile ya Jumapili, mwanafunzi aliyekuwa amelala bwenini aliamka akajikuta katikati ya mapinduzi kabla hata ya kunawa uso. Aliyesoma tangazo ni Leonard Mambo Mbotela, sauti tuliyoizoea sote. Wanajeshi walimfuata nyumbani wakamlazimisha. Mimi nilikuwa kidato cha tatu wakati huo. Nakumbuka mzee wangu aliizima redio, akaiwasha tena, kana kwamba kasoro ilikuwa kwenye betri.

Wapo wanafunzi waliotoka mabwenini wakishangilia na matawi mikononi. Wapo waliopanda magari ya wanahewa wakazunguka nao mjini. Wapo pia waliojifungia vyumbani wakakaa chini ya vitanda mpaka risasi zikatulia. Kabla ya siku kwisha, wanajeshi watiifu kwa serikali chini ya Mahmoud Mohamed walikuwa wameikomboa redio. Sitakufichia kwamba siku ile maduka yaliporwa, wanawake walibakwa, hasa wa jamii ya Kiasia, na watu zaidi ya 100 walikufa. Kushangilia askari wenye bunduki waliojitangaza kuwa serikali hakukuwa jambo la busara, na baadhi ya waliokuwepo wamekiri hivyo wenyewe uzeeni. Hata hivyo aliyeshangilia hakupanga chochote, na aliyekuwa chini ya kitanda hakushangilia. Serikali iliwaweka wote kapu moja.

Makumi ya wanafunzi walishtakiwa kwa uchochezi. Wengi wao waliachiliwa mapema mwaka 1983. Kiongozi wao, Titus Adungosi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, alihukumiwa miaka 10, na 10 ndiyo iliyokuwa adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo. Alifia gerezani mwaka 1988. Kosa lenyewe la uchochezi lilifutwa kwenye Kanuni ya Adhabu mwaka 1997. Kwa hiyo, hata kama baba yako angekuwa miongoni mwa walioshtakiwa, angekuwa ameshtakiwa kwa sheria ambayo nchi yenyewe iliona baadaye haifai kukaa vitabuni.

Na mama? Naye hakudanganyi, au tuseme anakupa nusu ya ukweli iliyokuwa salama kuisema. Migomo ya chakula ilikuwepo, na ilikuwa mingi. Vyama vya wanafunzi vilipigwa marufuku kimoja baada ya kingine, wasemaji wa upinzani walizuiwa kukanyaga chuoni, na palipobaki pa kupigia kelele bila kuitwa mchochezi ni jikoni. Maharagwe yenye wadudu yalikuwa kweli yana wadudu, lakini sahani ikishapinduliwa, wimbo ulioimbwa barabarani haukuwa wa maharagwe. Agosti 1982, hata hivyo, chuo hakikufungwa kwa ajili ya chakula. Maelezo hayo yalikuwa na faida moja kubwa kijijini, nayo ni kwamba hayakumshtua jirani. Mtoto wa fulani yuko nyumbani kwa sababu ya mgomo wa chakula; watu wanacheka, wanasema vijana wa siku hizi wamedekezwa, mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Huenda unajiuliza kwa nini serikali yenye jeshi na polisi iwaogope vijana wa miaka 20 na kitu. Utazame mwaka wenyewe. Mei 1982, wanasiasa Oginga Odinga na George Anyona walijaribu kuanzisha chama cha pili. Odinga akafukuzwa kutoka chama tawala, KANU, Anyona akawekwa kizuizini. Juni, Bunge likapitisha Kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa katiba. Katika miezi hiyo hiyo ya katikati ya mwaka walikamatwa wahadhiri, akiwemo Willy Mutunga, ambaye mwaka 2011 alikuja kuwa Jaji Mkuu, na Al-Amin Mazrui, mtu wa hapa kwetu Mombasa. Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita. Zingatia kwamba misako ile ilianza kabla ya mapinduzi kujaribiwa. Watu husimulia kana kwamba Agosti 1 ndiyo iliyoifanya serikali kuwa kali, ilhali ukali ulikuwa umeshaanza, na mapinduzi yaliupa kisingizio.

Chama ni kimoja, vyama vya wafanyakazi vimefugwa, wahariri wanajichunga wenyewe. Palipobaki ni chuo kikuu. Pale waliishi maelfu ya vijana pamoja, kamukunji, yaani mkutano wa wanafunzi wote, ikiitishwa watu wanajaa baada ya dakika kumi, na katikati ya jiji ni hatua chache. Hawana kodi ya nyumba, hawana mke, hawana mwajiri wa kutishiwa naye. Juu ya hayo serikali ndiyo iliyowalipia masomo na kuwapa pesa za matumizi, zile walizoziita bumu, kwa hiyo wakubwa waliwaona kama watoto wanaomtukana anayewalisha. Hasira ya mzazi aliyetukanwa ni kali kuliko ya adui. Tangu Januari 1969, chuo kilipofungwa baada ya wanafunzi kulalamika kwamba Odinga amezuiwa kuja kuwahutubia, na tena baada ya mauaji ya mbunge J.M. Kariuki mwaka 1975, serikali zote mbili, ya Kenyatta na ya Moi, zilijua kelele zitaanzia wapi.

GSU, wale polisi wa kutuliza ghasia, wakiingia chuoni na virungu, umati hutawanyika siku hiyo, na kesho yake unakutana tena kwenye foleni ya chakula. Kufunga chuo ni dawa nyingine kabisa. Kunamchukua kila kijana kutoka katika umati na kumpeleka peke yake kwenye kijiji ambako yeye ndiye mwanafunzi pekee. Baba yako alitoka mahali ambapo walikuwa maelfu, akapelekwa kilomita 300 na ushei hadi mahali ambapo alikuwa mmoja. Huko anakutana na watu waliouza mbuzi ili apate nauli, na kanisa lililomchangia sanduku, pengine hilo hilo la bati. Kila mmoja ana haki ya kumuuliza, umefanya nini huko? Tena kurudi chuoni kunategemea tabia njema, na anayeipima tabia hiyo ni chifu, kwa hiyo mzazi mwenyewe anageuka askari. Usitoke usiku. Usipokee barua kutoka kwa wenzako. Usiseme neno mbele ya fulani. Serikali haikuhitaji kumweka polisi mlangoni kwenu, kwa sababu bibi na babu yako, kwa mapenzi tu, walilinda mlango wenyewe.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye adhabu isiyo na hukumu. Rungu linaumiza na kidonda kinapona. Kazi iliyofanywa nyumbani haikuonekana na haikuwa na mwisho, maana hakuna aliyekuja kutangaza kwamba sasa mnaweza kusema. Mwaka 1986 ulianza msako wa Mwakenya, kundi la siri la kuipinga serikali, watu wakabebwa usiku, wengine wakateswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, baadhi wakiachwa siku kadhaa katika seli zilizojazwa maji. Fikiria mwalimu wa shule ya harambee wakati huo, ambaye halmashauri ya shule inaweza kuambiwa neno moja tu akapoteza kibarua. Angewaambiaje watoto wadogo kwamba baba yenu alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi Agosti 1982? Mtoto huropoka shuleni. Mkiuliza kwa nini hamkuambiwa, mojawapo ya majibu ni kwamba mlikuwa mnalindwa. Ukimya huo ukakaa nyumbani kwenu miaka arobaini, na mama yako bado anaulinda mlango ambao walinzi wa upande wa pili walishaondoka zamani.

Kuna tarehe katika barua yako ambazo zimenichoma zaidi ya nyingine. Chuo kilifunguliwa tena Oktoba 1983. Wenzake wakapanda mabasi wakarudi Nairobi. Yeye akaendelea kutembea kwa chifu Jumatatu na Alhamisi hadi Desemba. Kwa nini? Huenda jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliokubaliwa kurudi. Huenda babu alikataa kumwachia, na nawafahamu wazazi waliosema mtoto mzima bila digrii ni bora kuliko digrii bila mtoto. Huenda yeye mwenyewe alishindwa. Daftari haliwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo. Faili lake huenda likaweza.

Hangekuwa peke yake, wala 1982 haikuwa mwisho. Walioingia kuanzia 1984 walipelekwa kwanza miezi mitatu kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, kuwatia adabu kabla hawajagusa kitabu. Tarehe 10 Februari 1985 polisi waliwavamia wanafunzi waliokusanyika kwenye uwanja wa michezo wa chuo kwa maombi. Mwaka huo alifungwa Mwandawiro Mghanga, mtu wa kwenu Taita, ambaye mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Wundanyi. Mwaka 1987 alikamatwa kiongozi wa wanafunzi Robert Wafula Buke, akapata miaka mitano kwa madai ya kupeleleza kwa niaba ya Libya. Hayo majina yanajulikana. Mimi nimeshughulika na historia hii miaka mingi, na kinachonisumbua ni wale kama baba yako, ambao hawakufungwa, hawakukimbilia Ulaya, hawakugombea ubunge. Walirudi nyumbani wakafundisha hesabu.

Tuje kwenye faili. Ukiwa raia wa Kenya, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuomba kumbukumbu zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na chuo kikuu ni mojawapo. Mwandikie msajili wa masuala ya kitaaluma. Sheria inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, andika kwa unayoimudu. Taja jina kamili la marehemu, mwaka wa kuingia, kozi, na namba ya usajili kama imo kwenye ile barua ya 1980. Ambatisha nakala ya cheti chake cha kifo na cheti chako cha kuzaliwa. Wana siku 21 za kukujibu, na hutozwi chochote isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Wakisema ni siri, wakumbushe kwamba sheria hiyo hiyo inachukulia habari iliyohifadhiwa zaidi ya miaka 30 kuwa si ya siri tena, mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Wakikaa kimya, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman. Ina ofisi Mombasa, na mara nyingi barua moja kutoka kwao hufungua kabati lililokuwa "limepotea ufunguo".

Usitarajie riwaya. Mafaili mengi niliyowahi kuyaona yana fomu ya usajili, matokeo ya mtihani mmoja au miwili, na karatasi moja kavu isiyotoa sababu. Hata hivyo liombe hilo faili, na uombe pamoja nalo barua rasmi ya kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho tangu 1980. Hiyo wanaweza kukupa bila mabishano, na kwa familia nyingi karatasi hiyo imekuwa na uzito kuliko faili lote. Kuhusu mafaili ya makachero wa wakati ule, omba ukitaka, lakini usiyawekee moyo.

Njia nyingine ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi. Magazeti ya Agosti 1982 hadi mwisho wa 1983 yamo, na taarifa za utawala wa wilaya za miaka hiyo zimeshavuka muda wa miaka 30 wa kufungiwa. Uliza za Taita-Taveta. Halafu kuna watu. Waliosoma naye sasa ni wazee wa miaka sitini na kitu, wengine wamo kwenye vyama vya wahitimu wa uhandisi. Chifu mwenyewe kama yu hai, au watoto wake, nao wana la kusema. Ukienda kwao nenda na mzee wa ukoo, na usiende kama mwendesha mashtaka. Yule chifu naye alikuwa akiripoti kwa mtu, na kama kweli alijuana na babu, pengine muhuri wake ndio uliomwepusha baba yako na mengine mabaya zaidi.

Kuhusu fidia nitakuwa mkweli hata kama hutafurahi. Ipo mifano ya watu walioshinda. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 walioteswa Jumba la Nyayo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliwapa haki akina mama waliopigwa na polisi pale Freedom Corner, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, mwaka 1992 walipokuwa wakidai wana wao waachiliwe, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Kesi hizo zinaonyesha kwamba kuchelewa peke yake si lazima kuue dai. Lakini waliodai walikuwa na ushahidi wa kukamatwa, kuteswa au kupigwa, na mateso hayo waliyaeleza wenyewe. Wewe unacho kitabu cha mahudhurio, na shahidi wako amelala kaburini. Kulazimishwa kuripoti na kupoteza nafasi ya masomo ni dhuluma, sina shaka, ila kuithibitisha mahakamani bila yeye ni kupanda mlima wa namna nyingine, tena utahitaji kwanza kupewa na mahakama usimamizi wa mirathi yake ndipo uzungumze kwa niaba yake. Kwa maoni yangu usilikimbilie hilo, isipokuwa faili au mama akifichua kwamba aliwahi kushikiliwa. Hapo usiendelee kuniuliza mimi wala kusoma mitandaoni. Mwone wakili ana kwa ana ukiwa na karatasi zako, au anzia ofisi ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hapo Mombasa, kabla hujala kiapo cha maandishi mbele ya mtu yeyote. Na akitokea mtu anayekuambia anaandikisha familia za waathiriwa kwa ada kidogo tu, mfungie mlango.

Mama ndiye ninayemwogopea kuliko faili. Usimpelekee daftari tena. Mpelekee ile barua ya kukubaliwa chuoni, kwa kuwa hiyo ni furaha, na huenda hajaishika mkononi miaka mingi. Usimketishe kama shahidi. Kaeni mkichambua mbaazi, umuulize baba alikuwaje alipokuwa kijana, alivaa nini, alicheka na nini. Akifika Agosti 1982 mwenyewe, nyamaza umsikilize. Asipofika, basi hakufika. Ukiona baada ya mazungumzo hayo halali, hali vizuri, anashtuka mlango ukigongwa, au anaanza kuongea kana kwamba wanakuja kumchukua mtu, usingoje ipite yenyewe. Mpeleke hospitali ya kaunti, kwenye kitengo cha afya ya akili, na umweleze daktari historia hii yote. Hofu ya miaka ile ikiamshwa ghafla inaweza kumwangusha mtu mzima. Nawe pia, kama usingizi hauji hata baada ya kupata majibu, tafuta mshauri wa kuzungumza naye.

Umeuliza kama umwache apumzike. Mwanangu, nyumba ya Taita haikosi moto jikoni. Miaka arobaini alikuwa na nafasi ya kulitia daftari hilo jikoni siku yoyote aliyotaka. Badala yake aliliweka sandukuni chini ya barua yake ya chuo, mahali ambapo alijua wanawe ndio watakaofungua. Mimi nasoma hivyo. Ndugu zako wanaweza kusoma vingine, na ni vizuri mkakubaliana kabla hujatuma barua yoyote Nairobi.

Kwa sasa lipige picha daftari, ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha. Usilipeleke kwa wale wa kufunika karatasi kwa plastiki, maana joto lao linaharibu wino wa zamani. Lifunge kwa kitambaa cha pamba, lirudishe sandukuni mbali na mchwa. Kisha fungua kurasa za Oktoba 1983 uzitazame kwa makini. Angalia kama sahihi ya chifu ilibadilika, kama kuna siku iliyorukwa, kama kuna neno lolote limeandikwa pembeni hata kwa penseli. Ukiliona, niandikie tena.